Maksai wa Krismasi: Mgeni na Wenyeji Wake Katika Kalahari

Wengi wetu tumefundishwa tangu utoto kwamba mgeni mwema ni yule afikaye na zawadi mkononi. Akija mikono mitupu husemwa pembeni. Akija na mfuko wa sukari husifiwa mpaka kwa majirani. Katika makala hii nataka kuwaelezeni habari za watu ambao mgeni wao aliwanunulia zawadi kubwa ya sikukuu, nao badala ya kumsifu wakamcheka na kuikashifu zawadi yake mbele ya uso wake. Tena walifanya hivyo kwa sababu nzuri. Nikiisha kuieleza sababu hiyo, nadhani msomaji ataona kwamba sisi nasi tunalo jambo la kujifunza kwao.

Mimi sijafika Kalahari. Haya niliyoyaandika nimeyapata katika vitabu na katika maelezo ya mwalimu wetu wa jiografia, ambaye muhula huu alitupa kazi ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi katika nchi kavu. Lakini nyumbani kwetu ni Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ambako wageni wengi hufika kuwatazama Wahadzabe. Kwa hiyo jambo hili la mgeni na mwenyeji nililiona kwa macho kabla ya kulisoma.

NCHI NA WATU WAKE

Kalahari ni nchi ya mchanga iliyoenea katika sehemu kubwa ya Botswana na kuingia Namibia na Afrika Kusini. Watu huiita jangwa, lakini si jangwa tupu kama Sahara. Mvua hunyesha miezi michache ya mwaka, majani na miti ya miiba huota, na wanyama wa porini wapo wa aina nyingi. Taabu yake ni maji. Mvua ikinyesha hudidimia mchangani upesi, na mahali penye maji ya kudumu ni pachache, tena pako mbalimbali.

Wenyeji wa zamani wa nchi hiyo wamepewa majina mengi. Waholanzi waliofika Rasi ya Tumaini Jema katika karne ya 17 waliwaita kwa jina lenye maana ya watu wa vichakani. Majirani zao wafugaji, Wakhoikhoi, waliwaita Wasan, yaani watu wanaookota chakula porini, na ndani ya jina hilo mlikuwa na dharau ya mwenye mifugo kwa asiye na mifugo. Katika Botswana huitwa Basarwa. Majina hayo yote matatu walipewa na wengine. Wenyewe si kabila moja bali ni makabila mengi yenye lugha mbalimbali, na kila moja lina jina lake. Wale ninaotaka kuwaeleza hapa hujiita Ju/'hoansi, na maana yake ni watu wa kweli. Wako pande mbili za mpaka: upande wa Namibia katika nchi iitwayo Nyae Nyae, na upande wa Botswana karibu na kisima kiitwacho Dobe.

Msomaji asishangae kuona mkwaju katikati ya jina hilo. Lugha yao ina vidoko, yaani sauti zinazofanywa kwa kugonga au kuvuta ulimi kinywani. Mkwaju huo ni alama ya kidoko kinachofanana na sauti tunayoitoa tukimsikitikia mtoto aliyeanguka. Kingine hufanana na sauti ya mwenye punda anapomhimiza punda wake. Kwetu sauti hizo ni za kusikitika au za kuhimiza wanyama tu, lakini kwao ni konsonanti kama zilivyo kwetu b na t, na mtu akikosea kidoko hubadili maana ya neno. Vidoko vimo pia katika lugha za Wazulu na Waxhosa, ambao waliviazima kwa kukaa jirani na watu hao. Hata hapa Tanzania vimo katika lugha ya Wasandawe na ya Wahadzabe.

WALIVYOPATA CHAKULA

Hadi katikati ya karne ya 20 Waju/'hoansi wengi waliishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na mizizi. Hawakulima, wala hawakuwa na mifugo yao wenyewe. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba maisha yao yalikuwa njaa tupu kila siku. Bwana Richard Lee, mtaalamu kutoka Kanada aliyefika Dobe mwaka 1963, alitaka kulijua jambo hilo kwa hesabu na si kwa kudhani. Mwezi wa Julai 1964 alikaa siku 28 akiandika kila siku nani ametoka kwenda kutafuta chakula, ameleta nini na uzito wake. Aliona kwamba mtu mzima alitoka kutafuta chakula siku mbili na nusu hivi kwa juma. Baadaye alipoongeza kazi za nyumbani na kutengeneza vyombo, jumla ilifika kama saa 40 na kidogo kwa juma. Wataalamu wengine walimjibu kwamba juma si mwaka, na kwamba ipo miezi ya kiangazi ambayo watu hao walikonda sana. Hata hivyo hakuna anayesema tena kwamba walikuwa watu wasiojua kujitafutia.

Sehemu kubwa ya chakula chao haikutoka kwa wawindaji bali kwa akina mama. Wao walitoka na kijiti cha kuchimbia na ngozi ya kubebea, wakarudi na mizizi, matunda, na hasa kokwa za mti uitwao mongongo. Kokwa hizo zina mafuta mengi na hudumu muda mrefu chini ya mti bila kuoza. Maji waliyabeba na kuyaweka akiba katika mayai matupu ya mbuni: yai hutobolewa tundu dogo, likaondolewa vilivyomo, likatiwa maji na kuzibwa kwa majani. Yai likivunjika halikutupwa. Vipande vyake vilichongwa kuwa shanga nyeupe.

Wanaume waliwinda kwa upinde mdogo na mshale mwepesi. Nguvu ya mshale huo si chuma chake, bali ni sumu inayotokana na mabuu ya mbawakawa fulani anayejizika udongoni chini ya vichaka. Sumu hiyo haipakwi kwenye ncha, bali hupakwa nyuma ya chembe, ili mwindaji akijichoma kwa bahati mbaya asidhurike. Huenda polepole mwilini. Mnyama mkubwa kama pofu au twiga akichomwa leo, huenda akaanguka kesho au keshokutwa, na mwindaji hana budi kumfuata kwa nyayo. Nyama yake hailetei mlaji madhara.

NYAMA NI YA NANI?

Hapa ndipo tunapofika kwenye shina la makala hii. Tuseme vijana wanne wametoka kuwinda, na mmoja wao amemchoma pofu. Nyama ni ya nani? Sisi tungejibu upesi kwamba ni ya aliyemchoma. Kwa Waju/'hoansi sivyo. Kwa desturi yao nyama ni ya mwenye mshale uliomwingia mnyama kwanza. Nao walikuwa wakipeana na kuazimana mishale kila wakati, hata katika podo la mtu mmoja mlikuwa na mishale ya watu wengi. Mwenye mshale huenda akawa mzee asiyeweza tena kukimbia, au mwanamke, naye ndiye mwenye heshima ya kuigawa nyama. Na heshima hiyo ni mzigo pia, maana akipunja fungu la mtu atasemwa. Hivyo bingwa wa kulenga hakuweza kuwa bwana wa nyama siku zote.

Tena mwindaji mwenyewe hakuruhusiwa kujisifu. Akirudi kambini alikaa kimya penye moto wake. Mtu akimwuliza ameona nini, alijibu kwamba hakuona kitu cha maana, labda kadudu kadogo tu. Waliomwuliza walijua kwa jibu hilo kwamba ameua mnyama mkubwa! Kesho yake walikwenda pamoja kuibeba nyama, na walipoifikia walianza kulalamika kwa sauti kubwa: je, ametuita mbali hivi kwa ajili ya mifupa hii? Mwindaji naye aliitikia kwamba kweli mnyama huyu hafai, heri tumwache tukatafute digidigi. Huku wote wakicheka walianza kumchuna.

MGENI NA MAKSAI WAKE

Bwana Lee alikuwa akizijua habari nyingi za watu hao, lakini hilo hakulijua. Yeye alikuwa anachunguza chakula, na kwa sababu hiyo hakutaka kuwagawia watu chakula chake, asije akaiharibu hesabu yake. Hebu fikirini, wasomaji: mtu mmoja ana makopo ya chakula cha miezi katika hema lake, na majirani zake hawana akiba hata ya siku tatu. Walimwita bahili, na kwa desturi yao hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Basi Krismasi ilipokaribia, aliona kwamba sasa amepata nafasi ya kuwashukuru na kujisafisha jina.

Sikukuu ya Krismasi ilikuwa imeingia katika nchi hizo kwa mkono wa wamisheni waliowafundisha Watswana katika karne ya 19. Tangu miaka ya 1930 Watswana na Waherero wenye ng'ombe walikuwa na desturi ya kuwachinjia Waju/'hoansi maksai siku hiyo, na watu walikusanyika kutoka kambi nyingi kula na kucheza ngoma. Bwana Lee alikwenda kwa Mherero mmoja akanunua kwa pauni 20 maksai mweusi mkubwa, ambaye uzito wake aliukisia kuwa ratli 1,200, yaani zaidi ya kilo 500. Alipiga hesabu akaona kwamba watu 150 watakula, na kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, atapata angalau ratli nne za nyama. Akafurahi sana moyoni.

Furaha yake haikudumu. Bibi mmoja mtu mzima alimjia akamwuliza kama ni kweli amenunua yule ng'ombe mzee aliyekwisha kukonda, na kama anadhani watu watashiba mifupa. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja na kwa makundi, na wote walisema maneno yaleyale. Wengine walimwonya kwamba nyama ikiwa haba watu watagombana, hata damu itamwagika siku ya sikukuu. Bwana Lee alianza kuingiwa na mashaka. Alikwenda akamtazama tena ng'ombe wake; alimwona ni yuleyule, mnene. Lakini kila mtu alimwambia kwamba macho yake ya kizungu hayajui ng'ombe. Alifikiri hata kuondoka, asiwepo siku hiyo.

Siku ya Krismasi ilifika, maksai akachinjwa. Walipompasua kifuani Bwana Lee aliyaona mafuta meupe, unene wake kama inchi mbili. Akapiga kelele kwamba haya ni mafuta, nani aliyesema ng'ombe huyu amekonda? Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Walisema bado kwamba ni mifupa mitupu, huku wakiichemsha nyama na kuila. Walikula na kucheza ngoma siku mbili mchana na usiku. Nyama ilitosha, na hakuna aliyegombana na mwenziwe.

Msomaji huenda akasema, kama huenda mgeni huyo alivyosema moyoni, kwamba asante ya punda ni mateke. Lakini Bwana Lee hakununa akaondoka. Alikwenda kuwauliza marafiki zake mmoja mmoja, kwa nini wamemfanyia vile? Walimjibu kwamba wao husema hivyo kwa kila mtu aletaye nyama, hata kwa mtoto wao wenyewe. Mmoja wao alimfafanulia sababu. Kijana akiua nyama nyingi, alisema, hujiona mkubwa, na wengine huwaona kama watumishi wake. Kiburi hicho siku moja kitamfanya aue mtu. Kwa hiyo huitukana nyama yake, ili kuupoza moyo wake na kumfanya mpole. Bwana Lee aliyaandika mambo haya katika gazeti moja la Marekani mwezi wa Desemba 1969, na tangu hapo yamesomwa na wanafunzi wengi duniani.

MAANA YAKE KWETU

Nilipoyasoma maelezo hayo nilikumbuka neno ambalo sisi Waswahili tunalo: kusimanga. Mtu amekupa shati. Mwezi wa pili mnakosana kidogo, naye anakukumbusha mbele za watu kwamba hata shati hilo ulilovaa ni lake. Nani kati yetu hayajui masimango? Mwenye kupewa huinama, na mwenye kutoa hurefuka. Tunao msemo kwamba kutoa ni moyo, si utajiri; lakini mara nyingi moyo huo unatoa ili upate kitu, nacho ni ukubwa juu ya mwenziwe.

Waju/'hoansi waliijua hatari hiyo, wakaiwekea dawa kabla haijaingia. Hawakungoja mtoaji aanze kusimanga. Walimpunguza siku ileile ya kutoa, tena kwa mzaha na kicheko, bila ya ugomvi. Watu wanaoishi pamoja kambi moja, bila ya polisi, wanahitaji sana kulindana na kiburi cha mtu mmoja. Bwana Lee alikuwa amepata ukubwa mwingi bila ya kujua: alikuwa na gari, dawa, makopo na tumbaku, na sasa alitaka kuwa mchinjaji wa maksai mkubwa kuliko wote. Kumcheka kwao kulikuwa ni heshima, kwa sababu walimtendea kama mmoja wao.

WAGENI WA NAMNA NYINGINE

Walakini si wageni wote waliokuja Kalahari walichekwa wakapoa. Wengine walikuwa na nguvu mno. Upande wa Nyae Nyae, serikali ya makaburu iliyotawala nchi hiyo wakati ule ilifungua makao yake Tsumkwe, na watu wakavutwa kukaa hapo kwa ahadi ya kazi na unga. Mwaka 1970 ilichora mipaka ya maeneo ya kila kabila kwa siasa yake ya ubaguzi, na Waju/'hoansi wakapoteza sehemu kubwa ya nchi yao ya kuwinda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jeshi likaja kuajiri vijana wao kwa mshahara. Watu walisongamana mahali pamoja, pombe ikaingia, na maradhi pia.

Mgeni mmoja aliyaona mabadiliko hayo yote. Alikuwa Mmarekani, jina lake John Marshall, aliyefika Kalahari kwanza mwaka 1950 pamoja na baba yake. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 17, sawa na mimi. Mwaka uliofuata walikuja pia mama yake, Bibi Lorna Marshall, na dada yake Elizabeth, na wote waliandika au kupiga picha za maisha ya watu wale. Mwaka 1957 John alitoa filamu juu ya wawindaji wanaomfuata twiga, nayo ikapata sifa kubwa. Mwaka 1958 wakuu wa nchi walimfukuza, na hakuruhusiwa kurudi mpaka 1978. Aliporudi aliwakuta rafiki zake wamesongamana Tsumkwe. Tangu hapo hakutosheka na kupiga picha tu. Alisaidia kuchimba visima na kutafuta ng'ombe, ili wanaotaka waweze kurudi katika nchi zao za zamani kulima na kufuga. Alisema wazi kwamba filamu za zamani, pamoja na ile yake, zimewafanya watu duniani waamini kwamba Waju/'hoansi hawawezi kuwa kitu kingine ila wawindaji, na imani hiyo inawadhuru. Alifariki mwaka 2005. Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilipokea jembe.

Namibia ilipata uhuru mwaka 1990, na mwaka 1998 Waju/'hoansi wa Nyae Nyae walipewa haki ya kusimamia wanyama wa nchi yao kama hifadhi ya jamii, yenye ukubwa wa karibu kilometa za mraba 9,000.

Katika Botswana mambo yalikwenda njia nyingine, kwa ndugu zao Wag/ui na Wag//ana, ambao nchi yao ni katikati ya Kalahari. Mwaka 1961, wakati wa utawala wa Waingereza, nchi hiyo ilifanywa kuwa hifadhi kubwa, zaidi ya mara tatu ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na nia ilikuwa kuwalinda wanyama pamoja na watu waliokuwamo. Lakini mwaka 1997, na tena mwaka 2002, serikali iliwahamisha watu kuwapeleka vijiji vilivyo nje. Serikali ilisema kwamba ni ghali kuwapelekea maji na huduma mbali hivyo, kwamba maisha yao hayapatani tena na ulinzi wa wanyama, na kwamba nje watapata shule, zahanati na mifugo. Kisima cha bomba walichokuwa wakitumia kikafungwa.

Wenyeji walikwenda mahakamani. Tarehe 13 Desemba 2006, Mahakama Kuu ya Botswana iliamua, majaji wawili kati ya watatu, kwamba walikuwa wameondolewa katika ardhi yao kinyume cha sheria. Wakarudi baadhi yao, lakini bila ya maji. Ikabidi waende mahakamani tena, na tarehe 27 Januari 2011 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki ya kutumia kisima chao na kuchimba vingine kwa gharama yao.

Shule na zahanati ni vitu vyema, na mimi nisiyeweza kusoma makala haya bila ya shule sitasema vinginevyo. Lakini zawadi inayomtaka mpokeaji aache kwao kwanza, hiyo ina masharti makubwa kuliko masimango yoyote. Wenye kupewa walitaka waulizwe tu.

KUMTEMBELEA MWENYEJI

Leo msafiri anaweza kuwatembelea Waju/'hoansi. Mahali paitwapo Grashoek, katika Namibia, wao wenyewe walifungua mwaka 2004 makumbusho ya maisha ya zamani. Humwonyesha mgeni namna ya kuwasha moto kwa vijiti, kutega mitego na kutengeneza shanga za mayai ya mbuni, nao huvaa ngozi wakati wa maonyesho. Baadaye huvaa mashati na magauni kama watu wengine. Wageni wengine hukasirika wakiona mashati, wakidhani wamedanganywa. Hasira hiyo ni ya ajabu. Sisi tukicheza ngoma ya asili siku ya wazazi huvaa mikia na njuga, na jioni tunavaa sare za shule. Je, mzazi gani amepata kusema kwamba tumemdanganya?

Kwetu Mang'ola nimeona magari ya watalii yakipita alfajiri kwenda kwa Wahadzabe. Mgeni hupewa upinde alenge, hupigwa picha, hununua shanga, na kabla ya saa sita ameondoka. Wengi ni watu wema na hulipa. Lakini sijasikia mmoja akiuliza ni nani anayemiliki ardhi ile, wala maji yanakwenda wapi. Baba yangu hulima vitunguu katika bonde hilo, na maji ya mfereji wetu hutoka katika chemchemi ambazo Wahadzabe walizijua kabla yetu. Katika shule ya msingi niliyosoma walikuwamo watoto watatu wa Kihadzabe, hodari wa hesabu za kichwa. Wenzetu waliviiga vidoko vyao ili kuwacheka, na hadi darasa la tano hakubaki hata mmoja. Hicho hakikuwa kicheko cha kumpoza mwenye kiburi. Kicheko cha Kalahari humshusha aliye juu. Hiki kilimkanyaga aliye chini.

Basi, kwa wenzangu ambao siku moja watasafiri, nawaachieni maneno matatu. Kwanza, ulizeni watu hujiitaje wenyewe, mkatumie jina hilo, hata kama ulimi utapata taabu. Pili, zawadi yenu ikichekwa, msinune. Kaeni mwulize sababu, kama alivyofanya Bwana Lee. Tatu, kabla ya kuuliza wanakula nini na wanavaa nini, ulizeni kama wana maji, na kama ardhi waliyokalia ni yao kwa sheria. Mgeni aulizaye hayo atachelewa kuondoka, na huenda siku ya tatu akapewa jembe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne